Maji Matamu Tuliyokataza Yasinywewe

Wenzangu wa maabara, mliponiaga pale Vwawa siku ya kustaafu kwangu mliniomba niandike niliyoyaona kazini, nami nikaitikia kwa kichwa kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa nimekaa kwangu Mpemba, nje kidogo ya mji wa Tunduma, malori yanapita barabarani mchana kutwa, na naona bora nitimize ahadi kabla kumbukumbu hazijaanza kuchanganyikana. Habari za vyeo sitaziandika. Zimo kwenye faili langu, na sikumbuki cheo hata kimoja kilichowahi kunisaidia kufungua bomba lililoshika kutu. Nitaandika habari za chupa, za watu walionifundisha kazi, na za kisima kimoja cha Ileje ambacho kilinihangaisha kuliko vingine vyote.

Nilianza zamani, wakati Songwe haijawa mkoa na sote tulikuwa chini ya Mbeya. Nilitoka chuoni na cheti kipya cha ufundi sanifu wa maabara, nikiamini kwamba siku ya kwanza nitakabidhiwa mashine. Mkuu wa maabara, Bwana Mtafya, mtu mwembamba mwenye koti jeupe lililopauka, alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akanipeleka kwenye karo na kunionyesha rundo la chupa chafu. Nilidhani ananitania. Niliosha chupa siku hiyo, na kesho yake, na wiki ile yote. Nilipopata ujasiri wa kumuuliza nitaanza lini kupima maji, alinijibu kwamba nilikuwa nimeshaanza. Majibu mengi ya uongo aliyowahi kuyaona, alisema, yalitoka kwenye chupa, si kwenye mashine.

Bwana Mtafya hakuwa msemaji. Alifundisha kwa kukusimamia nyuma. Ukisahau kusuuza chupa kwa maji yaleyale unayokwenda kuyachukua, alikohoa. Ukigusa mdomo wa chupa kwa kidole, alikohoa mara ya pili, na chupa ile ulikuwa umeipoteza. Bomba lilipaswa kuchomwa kwa moto wa spiriti kabla ya kuchukua sampuli ya vijidudu, na maji yaachwe yatiririke kwanza, hata kama wenye bomba wanakutazama kwa hasira kwa kumwaga maji yao. Sanduku la baridi lilikuwa na barafu siku zote. Nilipokuwa naye safarini Itaka, tuliwahi kumwaga sampuli za siku nzima kwa sababu barafu ilikwisha na jua likatuwahi. Dereva alisema hakuna atakayejua. Bwana Mtafya alifungua chupa moja moja akazimwaga kwenye shamba la mahindi, na siku ya pili tukarudi kulekule.

Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa hapa hapa Tunduma. Mji ulikuwa unakua mbio kuliko mabomba yake. Madereva walilala kwenye foleni ya mpakani wakisubiri kuvuka, Wazambia wakitusalimu mulishani nasi tukijibu kwa Kibemba cha kubabaisha, na kila mwenye kiwanja alichimba kisima na choo, mara nyingi kwa fundi yuleyule na siku ileile. Kipindupindu kilipoingia, nilipewa orodha ya visima vya Mpemba nivipitie.

Kisima kilichotumiwa na watu wengi kuliko vyote kilikuwa cha Haji Masoud, msafirishaji kutoka Tanga aliyehamia Tunduma na malori yake. Alikuwa akigawa maji bure kwa majirani na madereva, kwa nia ya sadaka kwa marehemu baba yake. Nikapima. Maji yalikuwa yameingiliwa na kinyesi. Nilipomwambia kwamba inabidi kisima kifungwe, alinitazama kana kwamba nimemtukania mzazi.

“Binti, hii ni sadaka,” alisema. “Unataka kufunga sadaka?”

Sikubishana naye. Nilimwomba aje kwenye ofisi tuliyokuwa tumeazima kwa muda, nikamwonyesha kisahani cha maji yake baada ya kukaa kwenye kifaa cha joto. Vidoa vilikuwa vimejaa kisahani kizima hata havihesabiki. Pembeni niliweka kisahani cha maji yenye dawa, cheupe, kisicho na kitu. Nikamweleza kila kidoa kimetokana na nini. Alitoka nje bila kuaga. Jioni nikasikia kwamba amekifunika kisima kwa zege kwa mikono yake, na kwamba lori lake moja linafungwa tangi ili sadaka iendelee kwa maji yaliyotiwa dawa. Tangu siku hiyo tulisalimiana kwa heshima, ingawa sijui kama alinisamehe mwaka huo au mwaka uliofuata.

Nimewaeleza kisa hicho kwa sababu kuna kundi kubwa la maji yetu ambalo ni rahisi kuliamulia. Vijidudu vinaonekana kwenye kisahani. Mgonjwa anaonekana kitandani. Ukimwambia mtu maji haya yatamlaza wiki hii, ataelewa. Shida ni maji yasiyo na rangi, yasiyo na harufu, yasiyo na kidoa hata kimoja, ambayo madhara yake, kama yatakuja, yatakuja mtoto akiwa amekwisha kuwa babu.

Kijiji chenyewe sitakitaja. Wanalima kahawa, na sitaki mnunuzi aanze kuuliza maswali yasiyo na maana, kwa sababu kahawa yao haina tatizo lolote. Kiko kwenye milima ya Ileje, mbele ya Itumba, mahali ambapo gari hupanda kwa gia ya chini na abiria hunyamaza kwenye kona. Kwa miaka mingi akina mama wa pale waliteka kwenye kijito ambako ng'ombe nao walikunywa. Muuguzi wa zahanati aliniambia kwamba kila masika alikuwa na watoto wa kuhara hadi kwenye veranda, na wengine hawakurudi nyumbani.

Kisha wakachimbiwa kisima kirefu chenye pampu ya mkono. Aliyekipigania ni Mama Ezelina, mwenyekiti wa kamati ya maji, mjane mwenye sauti ya kuimba kwaya na miguu iliyozoea kupanda. Alikwenda wilayani mara nyingi hata walinzi wa getini walimpa kiti bila kumuuliza shida yake. Maji yalipotoka yalikuwa baridi, maangavu na matamu. Watoto wakaacha kuhara. Watu wakaanza kusema kwamba hata chai ya kijiji kile ni tamu kuliko ya Itumba, na mimi niliyeinywa nasema walikuwa na haki.

Miaka michache baadaye, Songwe ikiwa imeshakuwa mkoa na sisi tukiwa na maabara yetu, ulikuja mradi wa kufunga pampu ya umeme wa jua kwenye kisima kile, kujenga tangi na kupeleka maji kwenye shule, zahanati na vitongoji vya jirani. Kabla ya kuunganisha watu wengi hivyo kwenye chanzo kimoja, tulitakiwa kukipima upya kwa kila kitu. Mjiolojia wa mradi alinionyesha vipande vya mwamba vilivyobaki pale kisimani tangu kuchimbwa, vyekundu na vya chembe kubwa. Akasema mawe ya aina hii mara nyingine hubeba urani kidogo na vitu vinavyozaliwa nayo, na maji yaliyokaa humo muda mrefu huweza kuvibeba. Tukakubaliana tupeleke sampuli kwenye maabara ya mionzi, Arusha.

Sampuli hizo zina adabu zake. Chupa ni ya plastiki. Maji hutiwa matone ya asidi, ili radiamu, mojawapo ya vitu hivyo vinavyozaliwa na urani, isishike kwenye kuta za chupa. Ikishika, utakuwa umepeleka Arusha chupa yenye mionzi na maji yasiyo na kitu. Ukichukua kwa ajili ya gesi ya radoni, unajaza hadi pomoni na kufunga chini ya maji, bila povu hata moja, kwa sababu gesi inatoroka kama soda iliyofunguliwa. Haya mnayajua. Msilolijua ni habari ya basi la abiria. Sanduku la kwanza nililiandika kwa wino mwekundu, SAMPULI ZA MIONZI. Kondakta akalisoma, akalishusha taratibu, akajifuta mikono kwenye suruali. La pili nikaliandika SAMPULI ZA MAJI, jambo ambalo ni kweli tupu, na likafika salama.

Majibu yalirudi yakiwa juu ya kiwango cha kutiliwa shaka. Wenzetu wa Arusha hawakukurupuka. Waliomba tuchukue tena, kiangazi, kisha tena baada ya mvua, na mwishoni wakatenganisha kilichomo wakatuambia ni radiamu. Haikuwa nyingi ya kumlaza mtu leo wala kesho. Ilikuwa nyingi kwa mtu atakayekunywa kila siku tangu tumboni mwa mama yake hadi uzeeni. Mwili huidhania ni chokaa, ukaiweka kwenye mifupa, na ikikaa huko inaendelea kufanya kazi yake polepole. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua, yenyewe inabaki. Klorini haiigusi.

Bwana Afya wa wilaya, kijana mwenye bidii aitwaye Gidioni, alisoma majibu hayo na kuja ofisini kwangu na mnyororo na kufuli. Alitaka twende tukafunge pampu siku hiyohiyo. Nilimpenda kwa haraka yake, maana wengi wangeliweka jambo hilo kwenye droo. Lakini nilimwomba akae kwanza. Nikamuuliza, tukishafunga, akina mama watateka wapi kesho asubuhi. Tulijua wote wawili kwamba watarudi kwenye kijito, na kwamba kijito kingeua mtoto kabla ya masika kwisha, wakati radiamu ilikuwa ikihesabu kwa miongo.

Tulibishana mchana ule hadi chai ikapoa. Tulipomaliza tulikuwa na mpango ambao sote wawili tungeweza kuusimamia mbele ya watu. Pampu ibaki wazi kwa kufua, kuoga, mifugo na kufyatulia matofali, kwa sababu radiamu haipenyi ngozi. Ya kunywa na kupikia yatafutwe kwingine, yakiwa na dawa, kuanzia zahanati, shule, wajawazito na watoto wadogo. Na mradi wa umeme wa jua usimame hadi kipatikane chanzo kingine. Gidioni aliliweka kufuli mfukoni. Sikuliona tena.

Kusimamisha mradi ndiko kulikowasha moto. Habari ilifika kijijini kabla yetu, na ilifika imevaa nguo nyingine: kwamba serikali imegundua madini chini ya kisima na inataka kuwahamisha. Tuliposhuka garini watu walikuwa wamejaa uwanja wa shule na hakuna aliyetusalimia. Mama Ezelina alikuwa mbele, amekunja mikono. Yeye ndiye aliyepaswa kututafsiria kwa Kindali kwa ajili ya wazee, na nilipofika kwenye neno mionzi alisimama. Akasema neno hilo hana. Nilimweleza chini chini, kwamba ni kitu kinachotoka kwenye jiwe, kidogo kidogo, kikajilimbikiza mwilini. Akafikiri, kisha akatumia neno lao la kutu. Kutu ya jiwe. Hakuna kitabu kitakachokubali tafsiri hiyo, lakini wazee walitikisa vichwa kuonyesha wameelewa, nami nikaichukua.

Kuelewa hakukuwa kukubali. Mzee mmoja alisema amekunywa kutu hiyo miaka yote na bado analima. Mama mwingine alisema kijito kilimchukulia watoto, kisima hakijamchukulia mtu. Nilikubaliana naye mbele ya wote, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nikawaambia hatuwarudishi kwenye kijito. Hawakuniamini, na siwalaumu. Wameahidiwa mambo mengi na watu wanaoshuka kwenye magari.

Wiki iliyofuata tuliitwa tena. Safari hii alikuwepo diwani, aliyekuwa ameshaanza kutangaza siku ya kuzindua mradi, na mgeni wake kutoka mjini mwenye kifaa cha mkononi cha kupimia mionzi. Mgeni alijaza ndoo maji ya kisima, akasogeza kifaa karibu. Kikalia mlio mmoja mmoja, kama kinavyolia popote duniani. Akakipeleka kwenye ukuta wa shule, mlio uleule. Diwani akageukia watu akasema wamejionea wenyewe, kifaa hakijabadili mlio, maji ni salama, na wataalamu wa ofisini wametisha watu bure.

Wenzangu, mtakutana na kifaa hicho, kwa hiyo niwaeleze nilivyosema. Kifaa kile si kibaya na yule mgeni hakuwa mwongo. Kimetengenezwa kusikia mionzi yenye nguvu ya kupenya, nje, hewani. Tunayoizungumzia sisi husimamishwa na karatasi moja, au na maji yenyewe yaliyo ndooni. Haiwezi kutoka ndooni ikakifikia kifaa. Inakudhuru ukishaimeza, kwa sababu ndani ya mfupa hakuna karatasi. Ndiyo maana Arusha hukausha maji hadi yabaki mavumbi kwenye kisahani, wakayaweka ndani kabisa ya mashine, wakaiacha ihesabu kwa saa nyingi. Niliyasema hayo taratibu, kwa sauti ya kawaida, na Mama Ezelina akayatafsiri neno kwa neno. Uso wake haukuonyesha yuko upande gani.

Alipomaliza kutafsiri hakurudi kukaa. Mkwewe Sara alikuwa amesimama karibu na ukuta, mimba yake imeshakuwa kubwa. Mama Ezelina akamshika mkono, akamleta mbele, akanigeukia.

“Mama Sichone, huyu angekuwa binti yako, ungempa maji haya anywe?”

“Nisingempa,” nilijibu. “Ya kufulia ningempa. Ya kunywa nisingempa.”

Akamgeukia mgeni wa diwani. “Na wewe, baba, mkeo akiwa hivi?”

Mgeni alikitazama kifaa chake. Alikuwa mtu muungwana. Angeweza kusema ndiyo na hakuna ambaye angemfuata nyumbani kuhakikisha. Alisema kwamba kama majibu ya maabara yapo, yeye angesubiri kwanza.

“Basi na mimi nasubiri,” alisema Mama Ezelina. Akawageukia watu akaanza kusema kwa Kindali, maneno mengi, na mimi sikuelewa ila jina langu na jina la kijito. Diwani aliniuliza anasema nini. Nikamwambia sijui, lakini naona watu wanakaa.

Baadaye, mkutano ukiwa umetawanyika, Mama Ezelina alinifuata kwenye gari. Hakuwa tena na ile sauti ya mkutanoni. Aliniuliza habari ya miaka iliyopita. Ni yeye aliyekipigania kisima, ni yeye aliyewagongea watu milango waje wanywe. Wale watoto waliokwisha kunywa, je?

Swali hilo mtaulizwa, na mtatamani kukimbilia kwenye maneno makubwa. Msikimbie. Nilimwambia kwamba kiasi kilichomo ni kidogo, na karibu wote hawatapata dhara lolote kutokana nacho. Kwamba hatari huongezeka kwa miaka, kwa hiyo kila mwaka tunaouzuia ni faida. Kwamba hakuna dawa ya kunywa ya kuiondoa, na yeyote atakayekuja kuuza ya kusafisha mifupa wamfukuze. Na kwamba kisima chake kiliokoa watoto ambao kijito kingewachukua. Hilo lilikuwa kweli siku ile na litabaki kweli. Alilia kidogo, akajifuta kwa kitenge, akauliza tutaanza lini kutafuta maji mengine.

Tulianza asubuhi iliyofuata. Alituongoza mwenyewe kupanda juu ya kijiji, kupita mashamba ya kahawa na ndizi hadi kwenye msitu, ambako kulikuwa na chemchemi wanayoijua wawindaji. Ilikuwa juu ya vitongoji vyote, kwa hiyo maji yangeweza kushuka yenyewe kwa mserereko bila pampu wala umeme. Nilichukua sampuli huku Gidioni amenishikilia kiunoni nisiteleze. Tulipima vijidudu, tukapima madini, tukapeleka Arusha. Hatukuridhika na kiangazi peke yake. Tulisubiri masika tukapima tena, kwa sababu chemchemi hubadilika tabia mvua ikinyesha. Majibu ya mionzi yalikuwa mazuri mara zote. Vijidudu vilikuwepo vichache, vya kumalizwa kwa uzio, banio la kukingia maji lenye kifuniko, na klorini.

Kati ya hapo na bomba kufika kulikuwa na kipindi kirefu, na watu walihitaji kunywa. Hapo ndipo nilipokwenda Tunduma kwa Haji Masoud. Alikuwa ameshazeeka, ameketi dukani na tasbihi, wanawe ndio wanaoendesha malori. Nilimweleza shida, bila kuizungusha. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kitu kimoja tu, kama lori la tangi linaweza kupanda barabara ile. Nikamwambia kiangazi linaweza. Akamwita mwanawe mkubwa. Kwa muda wote wa kiangazi kile, lori la Haji lilipanda hadi zahanati na shuleni na maji niliyoyapima mimi mwenyewe, na mapadri na wazee wa kanisa wa kijiji kile walimtaja kwenye sala zao mzee wa Kiislamu ambaye hawakuwahi kumwona. Mimi nilikaa langoni na vidonge vya kupimia klorini, nikitazama maji yakigeuka rangi ya waridi kila lori lilipofika. Sijawahi kuchoka kuitazama rangi hiyo.

Mtaro wa bomba wananchi waliuchimba wenyewe, kila kitongoji kipande chake, na ushindani ulikuwa mkali hata ikabidi Gidioni awazuie wasichimbe kwenye kipande cha wenzao. Diwani naye alikuja na jembe, nami nampa haki yake: alichimba kweli, na siku ya uzinduzi alihutubia kwa ufupi, jambo ambalo wenyeji wanalizungumzia hadi leo. Maji ya kwanza yalitoka kwenye bomba la zahanati. Sara alikuwepo, mtoto mgongoni. Kisima cha zamani tulikiachia ng'ombe na matofali, tukachora pale picha ya ng'ombe anakunywa na picha ya kikombe kilichopigwa alama ya X, kwa sababu kibao cha maneno hakisomwi na mtu mwenye haraka.

Nilirudi kijijini mara nyingi kupima, hata baada ya pale ambapo ratiba ilinitaka. Nilijifunza huko kwamba kumzuia mtu asinywe ni nusu ya kazi yetu, na ni ile nusu rahisi. Nilijifunza pia kutosubiri watu wawe wataalamu kabla ya kuwaambia ukweli. Waliutumia vizuri kuliko nilivyotarajia.

Masika ya mwaka jana, mimi nikiwa nimeshastaafu, mlima ulimeguka na kulichukua bomba la mserereko sehemu ya juu. Kijiji kilikaa bila maji ya kunywa. Nilisikia baadaye kwamba vijana wachache walisema warudi kisimani, ni kwa siku chache tu, na pampu bado ni nzima. Akina mama walikataa. Walikusanya maji ya mvua, wakatia dawa, na kundi moja likapanda upande wa pili wa mlima kutafuta.

Simu yangu iliita nikiwa napalilia maharage nyuma ya nyumba. Alikuwa Mama Ezelina. Baada ya kuuliza habari za wajukuu na za goti langu, alinieleza kwamba wamepata chemchemi nyingine, kubwa, maji yake maangavu na baridi sana.

“Hakuna aliyekunywa,” alisema. “Nimeweka mtu pale anazuia. Unakuja lini na chupa?”

Nilimwambia mimi ni mstaafu sasa, sina chupa wala gari.

“Mama, mimi sikuulizi kuhusu wewe,” alisema. “Nauliza chupa inakuja lini.”

Niliwapigia ninyi dakika ileile, udongo ukiwa bado mikononi. Mnajua wenyewe ni nani kati yenu aliyebeba sanduku na kupanda mlima siku hiyo.